Ofisi imehamia kwenye kompyuta ya mbali, sisi tusioona tumeachwa stendi

Wakuu habari zenu. Naomba nitoe dukuduku langu hapa maana likiendelea kukaa kifuani litanipasua.

Mimi sioni kabisa. Kazi yangu ni ya data na kujibu wateja, nafanyia nyumbani hapa Dar, natumia NVDA, ile programu ya bure ya kusoma skrini ambayo ilianzishwa 2006 na Waaustralia wawili, wote hawaoni. Kazi naijua na bosi anajua naijua. Balaa limeanza pale waliposema eti faili za wateja zisikae tena kwenye laptopu ya mtu, kila mtu aingie kwenye kompyuta iliyoko kwenye seva kupitia Remote Desktop. Usalama wa data sijui na nini. Sawa, sipingi. Ila kuna hata mmoja aliyeuliza sisi tunaosikiliza skrini tutafanyaje? Hakuna. Tumetumiwa imeili jioni, maelekezo yote yako ndani ya picha, yaani picha tupu hakuna hata mstari wa maandishi wa kusoma, na asubuhi uwe umeshaingia!!

Kwa asiyejua, iko hivi. NVDA ikiwa kwenye laptopu yangu inaulizana na Windows yenyewe, hapa kuna kitufe gani, hapa pameandikwa nini, inajibiwa halafu inanisomea. Sasa Remote Desktop haileti vitufe wala maandishi, inaleta picha tu ya skrini ya kule. NVDA yangu ikifika hapo inataja jina la dirisha, basi, imemaliza. Nikibonyeza Tab kimya, nikibonyeza Enter kimya, na kule kwenye seva pengine nimeshafuta oda ya mtu na wala sijui.

Nikafungua tiketi IT, naomba NVDA iwekwe na kule kwenye seva halafu sauti iruhusiwe kurudi huku. Jibu: NVDA haipo kwenye orodha ya programu zilizoidhinishwa na sauti imezimwa kwa mujibu wa sera. Tiketi ikafungwa, imeandikwa "imetatuliwa". Imetatuliwa na nani jamani? Nikafungua nyingine, wakaniambia tumia Narrator, programu ya kusoma skrini inayokuja na Windows. Ni kweli ipo, lakini kama sauti mmezima si itakuwa inaongea huko huko kwenye chumba cha seva, inamsomea nani, feni?

Tumesumbuana weee mpaka wakaiweka NVDA na sauti wakafungua. Nikajua yameisha, kumbe ndo yanaanza. Natumia bando la simu, sauti inakuja na kigugumizi, naandika neno nasubiri lirudi nilisikie, nikirudi nyuma kufuta herufi moja napitiliza nafuta tatu. NVDA ya huku na ya kule zinaongea kwa pamoja, nikishika CapsLock ambayo ndo kitufe changu cha amri sijui amri imepokelewa na ipi. Remote Desktop ina mpangilio wa kuchagua vitufe vya Windows vifanye kazi kompyuta ipi, ila wameufunga, hauguswi. Na ukinyamaza kidogo unatolewa nje, uanze upya na ile namba ya uthibitisho inayotumwa kwenye simu, ambayo mpaka simu imalize kuisoma imeshaisha muda.

Kinachonichefua zaidi ni kwamba dawa ipo!! Kuna nyongeza ya NVDA inaitwa RDAccess, unaiweka pande zote mbili, maneno yanapita ndani ya njia ile ile ya Remote Desktop yakiwa maandishi tu, sauti inatengenezwa huku kwenye laptopu yangu. Bando haliliwi, hakuna seva ya mtu wa nje, hata mashine ya nukta nundu inakubali. Na NVDA yenyewe kuanzia toleo la 2025.1 imekuja na Remote Access ndani yake, yaani njia ya kuunganisha NVDA ya huku na ya kule, kama wanaogopa seva za watu si waweke ya kwao. JAWS, programu nyingine ya kusoma skrini ila ya kulipia, nayo inaweza, ila leseni yake ya kudumu ya kazini inapita dola 1,000 kwahiyo hata sijathubutu kuitaja, maana kama cha bure tu tumesumbuana hivi...

Sasa sikieni ya HR. Nimeambiwa nitafute mtu wa nyumbani awe ananisomea. Yaani NVDA ni hatari kwa siri za wateja, ila shemeji yangu akae pembeni asome kwa sauti majina ya watu na namba zao za simu, huo ndo usalama!

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 kwenda juu awe na asilimia 3 ya wenye ulemavu. Ndo maana tunaajiriwa, hesabu itimie, na kila tarehe 3 Desemba, Siku ya Watu wenye Ulemavu, tunapangwa mstari tupigwe picha. Ukidai kifaa cha kufanyia kazi unaonekana msumbufu.

Sijagusa mikutano ya mtandaoni, mtu anashea skrini anasema "kama mnavyoona hapa". Hiyo nayo kwangu ni picha tu, nitumie hilo faili mapema shida iko wapi?

Kama humu kuna mtu wa IT aliyewahi kupitisha NVDA au RDAccess kwenye seva za kazini kwake, naomba aniambie alimwandikiaje bosi wake wa usalama, hata kopi ya maelezo anifutie majina anirushie PM. Mwajiri simtaji, nina watoto. Na wale wa "si uache kazi" wapite tu.