Sheli niliyoandika inaganda kwenye ls | wc -l

Swali

Wakuu, naombeni msaada. Naandika sheli (programu inayopokea na kuendesha amri) kwa C kwenye Linux, zoezi la somo la mifumo endeshi. Amri moja moja zinakwenda vizuri, ila ls | wc -l (ls inaorodhesha faili, wc -l inahesabu mistari, na | ni paipu inayopeleka matokeo ya ya kwanza kwa ya pili) inaganda mpaka nibonyeze Ctrl-C. Naita pipe(fd), ambapo fd[0] ni mdomo wa kusomea na fd[1] wa kuandikia, kisha nazaa watoto wawili kwa fork (inayonakili programu inayoendeshwa); mtoto wa kwanza anafanya dup2(fd[1], 1) ili matokeo yake yaingie kwenye paipu, kisha execvp inayoanzisha amri yenyewe, wa pili dup2(fd[0], 0) kisha execvp, halafu mzazi anaita waitpid mara mbili kuwasubiri wamalize. Tena, nikikosea jina la amri, kutoka kwenye sheli kunataka Ctrl-D (ya kufunga ingizo) mara mbili.

Jibu la kwanza

Mkuu, sioni close hata moja hapo. wc haitoi jibu mpaka read irudishe 0 (yaani data imekwisha), na keneli (kiini cha mfumo endeshi) hairudishi 0 wakati bado kuna mtu ameshika mdomo wa kuandikia. fork inanakili namba zote za faili zilizofunguliwa (kama fd[0] na fd[1]), kwa hiyo fd[1] anayo mzazi na anayo wc mwenyewe. wc anajisubiri!

Usiniamini tu, angalia. Ikiwa imeganda, fungua terminali nyingine, andika pgrep -x wc, kisha ls -l /proc/NAMBA/fd, NAMBA ikiwa ile iliyotolewa na pgrep. Utakuta 0, 3 na 4 zote zinaelekea pipe:[...] ileile. Ile yenye l-wx------ (w ni ya kuandika) ndiyo inayokuponza.

Kila mtoto, baada ya dup2, afunge fd[0] na fd[1]. Mzazi naye afunge zote mbili baada ya fork ya pili, kabla ya waitpid.

Jibu la pili

Na waitpid isikae katikati ya fork mbili. ls fupi itapita na utadhani uko salama, lakini jaribu seq 1 100000 | wc -l (seq inachapa namba 1 hadi 100000). Hizo ni baiti 588,895, na paipu ya Linux kwa kawaida inabeba 65,536. Ikijaa, seq inasimama kungoja msomaji ambaye hujamzaa bado.

Ctrl-D mara mbili: execvp ikishindwa inarudi, na mtoto anaendelea na kitanzi chako kama sheli ya pili. Chini ya execvp weka perror(args[0]) ya kuonyesha kosa, kisha _exit(127) ya kumaliza mtoto, na iwe _exit, si exit, kwa sababu exit inamwaga bafa za stdio (maandishi yaliyokuwa yakingoja kuchapishwa) alizorithi mtoto kwa mzazi, na maandishi yanaweza kutokea mara mbili.

Aliyeuliza

Asanteni sana, zote mbili zimekubali. Sasa ls | grep c | wc -l (grep c inachagua mistari yenye c) ndiyo inaganda.

Jibu la kwanza

Bila shaka umefungua paipu zote mbili kwanza, ndipo ukaanza fork. Hapo kila mtoto anarithi namba nne na lazima azifunge zote nne. Nafuu ufungue kila paipu pale inapohitajika: pipe, fork ya ls, mzazi afunge fd[1] papo hapo, abaki na fd[0] ya kumpa grep. grep akishazaliwa, mzazi aifunge hiyo pia. Mtoto asiache kufunga fd[0] ya paipu mpya, maana yeye haisomi.