Nilimpa fundi laptopu apandishe Windows, kanirudishia mashine "safi" na kazi zangu hazimo

Wakuu, poleni na majukumu. Nina studio ndogo ya picha hapa Kirumba, Mwanza. Siku nne nimejizuia kuandika kwa sababu nilijua nikishika kibodi nitatukana. Leo hasira zimepoa kidogo. Kidogo tu.

Laptopu yangu ilikuwa na Windows 10. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida, na kila nikiwasha naletewa tangazo la kioo kizima wakati mteja wa pasipoti saizi amesimama anatazama saa. Mashine yenyewe haina ubaya. Ni Core i5 kizazi cha 8, RAM 8, Windows 11 inaikubali bila kubembelezwa. Nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini, jina nalihifadhi, nikamwambia wazi: "Kijana wangu, pandisha Windows, ila humo ndani mna Picasa. Hiyo usiiguse." Picasa ni programu ya Google ya kupangia na kurekebishia picha, ndiyo ninayofanyia kazi. Akajibu, "Ondoa shaka mzee wangu."

Saa kumi jioni nafuata mashine. Windows 11 inang'aa, Picasa hakuna. Kumuuliza, ananiambia ile ni ya kizamani, ilishakufa, kwenye Windows 11 haikubali, kaniwekea nyingine kali zaidi. Hiyo kali yenyewe haifunguki mpaka nijisajili kwa imeili, kisha inataka picha zipande kwanza mtandaoni. Kwa bando la nani? Harusi moja ya Jumamosi inanipa gigabaiti 40.

Habari za Picasa kufa sihitaji kufundishwa. Google waliinunua mwaka 2004, Februari 2016 wakatangaza kuiacha, Machi wakafunga huduma. Toleo la mwisho ni 3.9. Wiki ile ile niliposikia nilitia faili la kuisakinishia kwenye fleshi, faili lisilofika hata megabaiti 20, nikalifungia droo moja na vyeti vya watoto. Tangu hapo imenifanyia kazi miaka yote hii bila kuomba kitu kwa mtu, maana inasoma picha zilizomo kwenye diski yangu, basi. Juzi nimechomeka fleshi ile kwenye Windows 11 hiyo hiyo iliyosemwa haikubali. Dakika moja, imefunguka.

Kama ingekuwa hivyo tu, ningenyamaza. Sasa sikilizeni alichofanya.

Wasioijua Picasa: ukiikata picha, ukainyoosha, ukaitia mwanga, haiigusi picha yenyewe. Inaandika maelekezo kwenye kifaili kinachoitwa .picasa.ini, kimoja ndani ya kila folda, na kimefichwa. Ukifungua picha kwa programu nyingine unaiona mbichi kama ilivyotoka kwenye kamera. Ukitaka marekebisho yakae kwenye picha, unabonyeza kuhifadhi. Mimi kuhifadhi nilikuwa nafanya siku mteja anapokuja kuprinti tu, kujaza diski kwa nini? Halafu kuna nyuso. Unaipa sura jina mara moja, inakutafutia sura ile kwenye picha nyingine, wewe unakubali au unakataa. Nilianza mwaka 2012. Mahafali ya Malimbe, vipaimara, harusi za Igoma na Buzuruga, misiba. Nikiandika jina la mtu, picha zake zinajipanga mbele yangu tangu hajaota mvi.

Fundi wetu akawasha kuonyesha mafaili yaliyofichwa, akakuta vifaili vya jina moja kwenye kila folda ya diski D, ninakoweka picha. Nyote mnajua virusi vya fleshi za huku, vile vinavyoficha mafaili na kuacha shotikati. Basi kijana akahukumu papo hapo: virusi. Akavitafuta vyote, akavifuta, akamwaga na pipa la taka. Na diski C, ambako Picasa inaweka hazina yake ya majina na albamu, alikuwa ameshaiformati, yaani kaifuta yote. Yaani alichoma nyumba na stoo kwa siku moja. Ananikabidhi huku anatabasamu: "Na virusi nimekusafishia bure, mzee."

Bure!

Na haikuwa lazima kuformati chochote. Kupandisha Windows 10 kwenda 11 kunaacha programu na mafaili mahali pake, na ukijuta una siku 10 za kurudi ulikotoka. Mimi niliomba kupandisha, yeye akapiga Windows upya kwa sababu ndivyo alivyozoea. Hayo ni mambo mawili tofauti na bei yake isingekuwa moja.

Juzi kaja mama mmoja kutoka Sengerema, siku hizi daraja la Kigongo–Busisi limewapunguzia adha ya kusubiri kivuko. Kafiwa na mume. Anataka picha ya marehemu ya kuweka kwenye fremu, maana nyumbani zilizopo ni za simu, zimekwaruzika. Zamani ningeandika jina, ningempa kiti, kabla soda haijaisha angekuwa anachagua. Nikamwomba aje kesho yake. Nimefungua folda moja moja mpaka saa nane usiku, macho yananitoka, nikampata kwenye kipaimara cha 2015 amesimama mstari wa nyuma, nusu ya bega limefunikwa na shemeji yake. Mama kashukuru. Mimi najua humo ndani kuna picha yake nzuri peke yake, amevaa suti, nimeikata kwa mkono wangu. Sijui iko folda gani.

Najua yupo atakayesema mzee ungefanya bakapu. Ninayo. Ila nilikuwa naingia kwenye folda nachagua JPG tu nanakili, hivyo vilivyofichwa havikubebwa. Kosa hilo langu, nimelibeba. Lakini mimi sikumtuma mtu aje alidhihirishe.

Nilipofikia: D nimeacha kuandika kitu juu yake, na kwa kutumia Recuva, programu ya kurudisha mafaili yaliyofutwa, nimerudisha vifaili mia mbili na kitu kwenye diski nyingine. Shida vyote vina jina moja, na kwa ujinga wangu nilivirudisha bila kuweka alama ya kulinda mpangilio wa folda. Ndani ya kila kimoja kuna orodha ya picha, IMG_4521, IMG_4522, kwa hiyo naoanisha kwa namba. Ila kamera ikifika 9999 inaanza upya, kwa hiyo IMG_4521 ninazo tano, za miaka mitano tofauti. Aliyewahi kupita njia hii aniambie kama kuna namna ya haraka kuliko macho na daftari. Wa kuniambia nihamie programu mpya, tafadhali pita uzi mwingine.

Fundi naye kanipigia leo asubuhi. Anakumbushia elfu kumi yake iliyobaki.