Naomba ushauri: uvimbe kwenye figo ya mama, tuzibe mshipa au akatwe?

Habari wakuu. Niko Tanga na mama yangu. Aliumwa kiuno upande wa kulia, mkojo ukawa kama chai ya rangi. Ultrasaundi ikaonyesha uvimbe kwenye figo, kipimo cha CT kikakuta una mafuta ndani, sentimita 5. Daktari anasema ni anjiomiolipoma, si saratani, ila ukishapita sentimita 4 hatari ya kuvuja damu inaongezeka. Ama wazibe mshipa unaoulisha uvimbe, kwa mrija mwembamba unaopitishwa kinenani, ama waukate na kubakiza figo. Majirani wanashauri miti shamba. Hilo sitaki kabisa. Aliyewahi kuzibwa mshipa hivyo, pale Muhimbili au kwingine, gharama zilikuwaje, na bima ililipa? Maumivu baadaye je? Mama anaogopa sana kisu.