Fundi uliyenichomekea probu ya pH (kijiti cha kupima asidi na alikali ya maji) kwenye bomba la pampu, hivi ulikuwa unawaza nini??

Wakuu leo naongea maana nimevumilia vya kutosha. Mtu anajiita mtaalamu wa matangi ya matumbawe, anakuja anakata bomba la kurudisha maji juu kidogo tu ya pampu, anaweka tii (kiungio cha njia tatu), anachomeka probu imelala chali kabisa, anapiga picha anasepa. Na mimi fala nikafurahi eti kazi safi hakuna waya unaning'inia kwenye sampu, lile tangi dogo la chini.

Sasa sikia. Kila nikilisha samaki nazima pampu dakika kumi, maji ya kwenye bomba yote yanashuka kwenye sampu, probu inabaki hewani. Kile kigololi cha kioo cha nchani hakitakiwi kukauka, hakitakiwi!! na mimi nalisha mara mbili kwa siku, piga hesabu ya miezi minne. Halafu mle ndani kuna kimajimaji na kipovu cha hewa, ukiilaza kipovu kinahamia kwenye kioo namba zinaanza kucheza zenyewe. Nilipoichomoa nikakiona kabisa, kimetulia nchani kama kimelipa kodi.

Juzi asubuhi nawasha taa nakuta maji meupe kama yametiwa maziwa, hita imeganda chenga nyeupe, matumbawe yote yamejikunja. Nikaosha probu nikaitia kwenye maji ya kupimia probu, yale ya pH 7 kamili, ikasoma 7.02, nikasema ah mbona iko fresh. Nikaitia kwenye ya 10. Ikasoma 9.38 ikagoma hapohapo. Kwa hiyo kontrola, kile kifaa kinachosoma probu na kumimina maji ya chokaa yanayopandisha pH, niliyoiambia ikate ikifika 8.4 ilikuwa inaona 8.4 wakati ukweli ni kama 8.75, na usiku pH inashuka kawaida taa zikizimwa, basi yenyewe ikaona iko chini ikaendelea kumimina tu mpaka asubuhi. Kontrola haina kosa, inaamini ilichoambiwa.

Nampigia ananiambia "we kalibreti tu bosi", yaani niirekebishe kwa maji ya kupimia isome sawa. Kalibreti nini, kitu kimekauka?

Nimenunua nyingine nimefunga mwenyewe. Imesimama wima kwenye sampu, ncha chini, kofia na waya juu ya maji, chemba ambayo maji hayapandi wala kushuka na mkondo unapita taratibu, mbali na mapovu ya skima (ile mashine ya kutoa uchafu kwa mapovu), mbali na taa isiote mwani, na mbali kabisa na mrija wa chokaa maana ile ikikolea inapita 12, ukiiweka hapo unapima chokaa sio tangi. Na mbali na pampu pia, hilo nilipima: ile ya zamani ilikuwa inaruka 0.1 kila pampu ikiwaka, nikachota maji yaleyale kwenye glasi pembeni nikatia probu humo, ikatulia tuli.

Kinachonichefua zaidi, jamaa jana kanitumia meseji eti yuko tayari kuirudisha palepale kwenye bomba bure, ila safari hii ataweka valvu ya kuzuia maji yasirudi. Valvu! Ambayo konokono mmoja mdogo akikwama inabaki wazi. Hapana bana, nirudishie hela ya probu.