Mwanangu kala keki ya bangi ya baba yake, naombeni ushauri

Ndugu zangu, mwanangu wa miaka 3 alikula keki aliyoificha baba yake kabatini. Kumbe ina bangi. Alilegea, macho mekundu, akalala hata kumwamsha ikawa kazi. Nilimwambia daktari ukweli wote, nikihofia asije akatibiwa malaria bure. Namshukuru Mungu, amezinduka, anacheza.

Sasa afisa ustawi wa jamii ananiita kesho. Najua Sheria ya Mtoto ya 2009 inatudai wazazi wote wawili kumlinda mtoto. Keki sikuijua, ila harufu ya bangi nilikuwa naisikia mle ndani miezi mingi nikanyamaza. Hilo linaniuma sana. Nikisema yote, mume wangu anaweza kufungwa. Nikificha, namlinda nani? Aliyewahi kupitia haya anisaidie: naweza kunyang'anywa mtoto?