Chrome inafungua ukurasa nisioujua, nishafuta mara tatu inarudi

MwanaWete
Asalaam aleykum wadau. Nna kisteshenari changu hapa Wete, kompyuta moja tu ya Windows 10 ndo inonilisha. Tokea juzi nikifungua Chrome unatokea ukurasa mwengine una kisanduku cha kutafutia, nikiandika kitu unazunguka sijui wapi halafu unanitupa Bing, na matangazo ya kamari pembeni mbele ya watoto wa skuli, naona haya mie. Nimeitoa Chrome nikaiweka upya mara tatu, dakika mbili imerudi vile vile. Nifomati?

fundi_darajani
Waalaykum salaam. Usifomati yakhe. Brauza yako imetekwa, wanakupitisha kwao kwanza ili walipwe kwa matangazo. Hebu bonyeza vidoti vitatu juu kulia, chini kabisa pameandikwa Managed by your organization? Na kuna programu ya bure umedaunlodi karibuni?

MwanaWete
Ehe ipo! Lakini mie organization nnayo wapi, nna mashine ya fotokopi tu 😂 Na kweli wiki iliopita nilishusha kigeuza PDF, jamaa anataka CV yake haraka anawahi boti Mkoani, nikawa nabonyeza Next Next hata sisomi.

fundi_darajani
Basi ndo hiyo, ilikuja imepanda mgongoni mwa hicho kigeuza PDF. Chrome inadhani mashine ni ya ofisi na bosi kaamrisha ekstensheni (kiprogramu kinachopachikwa ndani ya Chrome) ibaki, ndo mana Remove haikubali. Andika chrome://policy pale juu pa anwani, ukiona ExtensionInstallForcelist, yaani orodha ya ekstensheni za kulazimishwa, umeshaipata. Zima sync kwanza, ile inayohifadhi mipangilio ya Chrome kwenye akaunti yako ya Google, maana ukiiacha itakurejeshea uchafu ule ule hata ufute mara kumi. Kisha Control Panel, panga programu kwa tarehe, ng'oa hicho kigeuza na vyote vigeni vilivoingia siku ile. Halafu AdwCleaner, programu ya bure ya kusafisha uchafu kama huo, ichukue kwenye tovuti ya wenyewe Malwarebytes si kwengine, skani, washa upya, ndo urisiti Chrome, yaani uirejeshe mipangilio yake ya mwanzo.

bintiChake
Na shotikati jamani, ile ikoni unayobofya kufungua Chrome! Bofya kulia, Properties, tizama Target, kama baada ya chrome.exe kumebandikwa anwani ya tovuti ifute. Yangu ilijificha hapo, nlihangaika siku mbili. Na nywila za imeili badilisha kwa simu, ekstensheni kama hizo zaweza kusoma kila unachofungua.

MwanaWete
Nimefanya yote, na shotikati kweli ilikuwa na mkia. Ile organization imeondoka. Ila bado kuna matangazo yanachomoza chini kulia hata Chrome nimeifunga.

fundi_darajani
Hizo arifa tu, siku moja ulibonyeza Allow. Ndani ya Chrome nenda Settings, Privacy and security, Site settings, Notifications, futa tovuti usizozijua.

MwanaWete
Zilikuwamo nne, mbili za kamari. Nimezitoa, kimya sasa. Jamaa wa CV karudi asubuhi na PDF nyengine, nimeifungua kwa Word hiyo hiyo ikageuka yenyewe, kumbe miaka yote ilikuwa inaweza.