Naomba ushauri: mwanamke mwenzangu akinitisha, huo nao ni udhalilishaji?

Mgeni wa Wete
Assalamu alaykum. Huu ni mwaka wa tatu naishi mjini Unguja na mwanamke ninayempenda, na majirani wanatujua kuwa ni wapangaji waliochangia kodi. Amenipiga kofi mara moja tu, akaomba radhi. Lakini juzi nilichelewa kurudi kutoka Darajani, nikamkuta amekaa kitandani na simu yangu mkononi, jina la kaka yangu limetokea kwenye kioo, kidole gumba kiko juu ya alama ya kupigia. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Nimwambie?" Mshahara wangu pia anaushika yeye. Nimezoea kusikia kwamba udhalilishaji ni wa mume kwa mke, basi huu niuite wivu?

Bibi wa Ng'ambo
Shoga, wivu hauhitaji namba ya kaka yako. Hapa kwetu, ambapo tangu 2004 sheria inawaadhibu hata wanawake wanaolala na wanawake wenzao, siri hiyo inauma kuliko kofi, naye analijua hilo. Wala si wewe peke yako: uchunguzi wa kitaifa wa Marekani wa mwaka 2010 ulikuta asilimia 43.8 ya wanawake wanaopenda wanawake wamewahi kubakwa, kupigwa au kuandamwa na mwenza, na takriban theluthi mbili yao walisema waliowatenda hayo ni wanawake pekee.

Msubirifu
Dada, vuta subira. Mpikie, mzungumze.

Muuguzi Mstaafu
Hilo la kumpikia siliafiki. Jiulize, mwanangu, kama siku yako unaipanga kwa kuuogopa uso wake. Usimtishie kuwa utaondoka, maana wengi huumizwa zaidi pale wanapojaribu kutoka. Kitambulisho chako kiweke kwa mtu unayemwamini, na pesa kidogo kidogo. Ukiumizwa, nenda Kituo cha Mkono kwa Mkono, kinachowahudumia waliodhalilishwa, pale hospitali ya Mnazi Mmoja, useme umepigwa na mtu mnayeishi nyumba moja. Mengine hulazimiki kuyaeleza, na kwa sheria yetu yanaweza kukugeukia wewe.

Mgeni wa Wete
Ahsanteni. Hilo la kuipanga siku limenichoma, kwani leo nimeuonja mchuzi mara tano nikikisia atasema chumvi imezidi. Kitambulisho kimo kwenye mkoba anaoulalia. Ijumaa anakwenda kwao Makunduchi, nami nitakichukua hapo.